Memwari Tisa za Kinu cha Minago

"Yale tuliyowaambia mwaka jana mumeyaweka wapi?"

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja mkamua mawese, akiwa amesimama kando ya pipa linalochemka, na hadi leo sijalijibu. Mahali nilipajua: chumba cha mwisho katika ukumbi wa chuo chetu, rafu za mbao, mlango wenye kufuli. Lakini mama yule hakuwa akiuliza njia ya kufika kwenye chumba. Kila nikijaribu kumjibu ipasavyo, jibu hunikatikia mdomoni, nami nimeanza kushuku kwamba miaka yangu iliyobaki kazini nitaitumia kulitafuta. Ajabu ni kwamba hilo halinihuzunishi. Huamka nalo asubuhi kama mtu anayeamka na safari.

Mimi ni mtunza maktaba wa chuo kidogo cha elimu ya juu mjini Rumonge. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, huko nikapata Kiswahili. Nikarudi nyumbani nikiwa msichana, nikasoma chuo kikuu Bujumbura kwa Kifaransa. Kisha ziwa likanivuta huku kusini. Chuoni kwetu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu, ambayo sisi tunaiita memwari. Huitetea mbele ya walimu watatu, jamaa zake hupiga vigelegele na kunywa soda uani, na kesho yake huniletea nakala moja iliyojalidiwa. Naipiga muhuri, naipa namba, naiweka rafuni. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi ya kutunza maarifa inaishia hapo, kwenye rafu, pamoja na kuhakikisha mchwa hawapandi.

Kwenye kinu cha Minago sikwenda kwa hiari yangu. Nilikwenda kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kigwena, mama wa watoto wanne, mdogo wangu kwa miaka michache tu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuacha darasa lake ili amalize masomo, na ruhusa hiyo ilikuwa inakwisha pamoja na mwaka wa masomo. Asipoitetea memwari yake katika kikao kilichobaki, angerudi shuleni bila diploma, na hakuna aliyeweza kumwambia kama ruhusa ya pili ingepatikana. Mada yake ilikuwa kazi ya wanawake wanaokamua mawese Minago. Mara mbili alikuwa amekwenda huko na dodoso lake, mara mbili akarudi na karatasi nyeupe.

"Hawanifukuzi," aliniambia. "Wananipa kiti, wananipa muhogo wa kuchemsha, wananiuliza habari za watoto. Nikitoa karatasi tu, kila mmoja anakumbuka kazi yake."

Nikamwambia twende pamoja. Mtu mzima mwenye muhuri wa chuo mkobani, nilijisemea, hakosi kusikilizwa.

Tulipanda pikipiki mbili, ziwa likiwa kushoto kwetu. Tangu maji yalipopanda, michikichi ya pembeni kabisa ilikuwa bado imesimama ziwani, vigogo vyake vimezama, kana kwamba ilikuwa inangoja mtu aje kuivusha. Kinu kilikuwa upande wa juu wa barabara, chini ya paa la mabati: mapipa mawili jikoni, na katikati mashini ya kukamulia yenye parafujo na mkono mrefu ambao wanawake wawili huuzungusha kwa kutembea. Wengine walikuwa wameketi chini wakichambua tembe nyekundu za chikichi kutoka kwenye mikungu. Mkuu wao alikuwa mwanamke mrefu wa kama miaka sitini, mikono yake imeiva rangi ya mawese hadi kwenye viwiko.

"Amahoro, mama," nilimsalimu.

"Amahoro." Akawageukia wenzake. "Leo amekuya na mukubwa wake. Kalamu moja haikutosha."

Wakacheka, nasi tukapewa viti. Nilieleza kwa kirefu, kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka naona haya: utafiti, maendeleo, manufaa ya jamii. Mkuu wa kinu alinisikiliza bila kunikatiza, akasukuma ukuni mmoja ndani ya moto, kisha akaniambia:

"Mama wa vitabu, mimi nakuuliza moja tu. Kila mwaka munakuya. Yule wa kwanza nilimwambia yote, mupaka majina ya mbuzi wangu. Wa pili, yote tena. Yale tuliyowaambia mwaka jana mumeyaweka wapi?"

Nilisema yako chuoni, yamehifadhiwa vizuri.

"Yamehifadhiwa," alirudia. "Basi huyu dada anatafuta nini hapa? Si akayasome kwenu?"

Mmoja wa waliokuwa wakichambua aliuliza habari za chupa. Kijana mmoja wa miwani, miaka iliyopita, alikuwa amechukua chupa ya mawese yao. Aliwaahidi kwamba ataipeleka Bujumbura kupimwa, wajue kwa nini mafuta yao huchacha haraka, hasa wakati wa mvua, hata wanunuzi wakawa wanayanusa kabla ya kusalimia. Walimchagulia chupa safi. Tangu siku hiyo wanangoja.

"Pengine aliikarangia ndagala wa ziwani," mwenzake akadakia, na kinu kizima kikacheka, hata wale wawili waliokuwa wakizungusha mkono wa mashini wakasimama kupumua.

Mkuu wa kinu hakucheka. "Rudisheni kwanza ya zamani," alisema. "Halafu tutawapa mapya."

Tuliporudi barabarani kutafuta pikipiki, mwanafunzi wangu alitembea ameinamisha kichwa. Nilidhani analia. Nilipomtazama, alikuwa akitikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa na mtoto jibu lililo bora kuliko la kitabu. "Wana haki," alisema. Kisha kwa sauti ndogo: "Lakini mimi nafanyaje?"

Lililonichoma ni lile swali la pili: si akayasome kwenu? Jibu lake nililijua. Mwanafunzi huyu hakuyasoma kwa sababu alikatazwa, na aliyemkataza ni mimi.

Ilitokea hivi. Miaka kadhaa kabla ya hapo kijana mmoja wa kiume alikuwa akitetea memwari yake kwa ujasiri mkubwa. Mwalimu mmoja wa jopo, ambaye alikuwa na desturi ya kuanzia ukurasa wa shukrani na mara nyingine kuishia hapohapo, alimwomba ausome kwa sauti. Kijana akasoma, kwa Kifaransa safi, kwamba anamshukuru mume wake mpenzi kwa uvumilivu wake wakati wa ujauzito wake. Ukumbi ulicheka mpaka walioshika soda uani wakaja kuchungulia. Mwalimu yule alikuwa amekwisha kuisoma memwari ya dada mmoja wa miaka miwili nyuma, na kijana alikuwa ameinakili neno kwa neno, hata mume.

Tulikutana kesho yake, tumefedheheka. Kila mtu alikuwa na pendekezo, nami nikatoa langu: memwari zote zifungiwe chumbani, na mwanafunzi anayeandika asiruhusiwe kusoma za waliomtangulia. Atakachokosa kukiona hawezi kukiiba. Pendekezo lilipita bila kupingwa. Niliandika kanuni kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu, nikaibandika mlangoni. Nilinunua kufuli sokoni siku hiyohiyo, na nakumbuka nilirudi nyumbani nikijiona mtu aliyeokoa heshima ya chuo.

Kwa hiyo kila mwaka mwanafunzi mpya alianza mahali palepale alipoanzia wa kwanza. Kwa kuwa Minago ni karibu, na pikipiki zinapatikana, na wanawake wa kinu walijulikana kwa ukarimu wao, wengi walielekea huko. Hakuna aliyejua ni wangapi. Hata mimi sikujua, na hilo ni kosa langu la pili, kwani mpangilio wa chumba kile ulikuwa wangu pia. Walimu wetu wanapenda kuona kazi walizozisimamia zikiwa pamoja. Mgeni akija, mwalimu humpeleka mbele ya rafu na kusema, hizi ni zangu. Basi nikazipanga kwa majina ya wasimamizi. Ukitaka kujua mwalimu fulani amesimamia memwari ngapi, nilikuwa nakujibu mara moja. Ukitaka kujua chuo kinajua nini juu ya mawese, ilikubidi usome migongo ya vitabu vyote, chumba kizima, huku umeinamisha shingo.

Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya za asubuhi, nilikwenda chuoni nikiwa bado na matope kwenye viatu. Nilifungua kufuli, nikainamisha shingo.

Ya kwanza niliipata rafu ya juu. Ya pili rafu ya dirishani. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimezipata tisa, kutoka rafu sita tofauti, na nilizipanga sakafuni kwa kufuata miaka, kama mtu anayeanika mihogo. Nilivua viatu, nikakaa katikati yake. Nilikusudia kusoma viambatisho tu, zile kurasa za nyuma ambako wanafunzi huweka dodoso na majibu.

Jambo la kwanza nililoliona lilinifanya nicheke peke yangu. Dodoso lilikuwa moja. Katika memwari zote tisa, maswali yalikuwa yaleyale, kwa mfuatano uleule, na katika zote, baada ya swali la sita lilikuja la nane. Swali la saba lilikuwa limeanguka njiani zamani, na wasimamizi wakaendelea kurithishana dodoso lenye pengo bila mtu kuhesabu. Kufuli langu halikuzuia kunakili. Lilizuia kusoma.

Jambo la pili halikunichekesha. Nilifuata majibu ya mkuu wa kinu. Jina lake halikuandikwa, lakini nilimtambua kwa mbuzi. Katika memwari ya kwanza jibu lake juu ya matatizo ya kazi lilijaza ukurasa na nusu: mvua, kuni, njia ya mlimani, binti aliyeungua mkono. Katika ya tatu, nusu ukurasa. Katika ya sita, mistari mitatu. Katika ya nane mwanafunzi alikuwa ameandika: "Anasema ni kama alivyokwisha kusema." Na katika ya tisa, mbele ya kila swali, kulikuwa na kistari. Nilikuwa naangalia mtu akinyamaza, mwaka baada ya mwaka, mbele ya chuo changu, nami nilikuwa nimempiga muhuri kila mara.

Nilipofungua ya nne, nikaikuta chupa.

Kijana wa miwani hakuwa amekaanga ndagala. Alikuwa ameipeleka chupa Bujumbura kwa kweli, akaingoja, akaandika matokeo katika sura ya mwisho, na kuyafafanua kwa uangalifu uliojaa heshima. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuwa na asidi nyingi kabla ya kuingia chupani. Ubaya, kwa maoni yake, ulianzia mapema: mikungu ilikaa siku nyingi mno baada ya kukatwa, tembe zikaanza kuoza zikiwa bado hazijaonja moto. Alipendekeza wasiiache ikae. Siku ngapi zinatosha, hakujua. Aliandika kwamba jambo hilo lingefaa kuchunguzwa na mtafiti mwingine. Kisha akatetea memwari yake, akapata alama nzuri, akapata kazi mbali na hapa, na pendekezo lake likaingia gizani.

Nilikuwa tayari nimeisoma ya kwanza, kwa hiyo nilipofika kwenye maneno "siku ngapi" kitu fulani kilinigonga. Niliirudia ile ya kwanza, nikipekua. Ukurasa wa viambatisho, jibu la mwanamke mzee kuliko wote, ambaye mwanafunzi alimweleza kuwa mwanzilishi wa kinu. Kwa Kifaransa cha mwanafunzi, mzee huyo alisema kwamba mama yake hakuruhusu mikungu ipitishe usiku wa tatu. Iliyofika usiku wa nne, alisema, hukamuliwa kwa ajili ya sabuni.

Nilisimama. Nilikaa tena. Nilizichukua zile memwari mbili, ya kwanza na ya nne, nikaziweka mapajani zikiwa wazi, moja juu ya paja hili na nyingine juu ya lile. Mmoja alikuwa na swali bila jibu. Mwingine alikuwa na jibu ambalo hakuna aliyekuwa bado amelitafutia swali. Nilikumbuka nilikozitoa, nikaenda kuangalia: zilikuwa zimesimama pande mbili za ubao mmoja, ubavu kwa ubavu, msimamizi huyu kushoto na yule kulia. Unene wa ubao ule hauzidi kidole changu.

Nina shahada, nimehudhuria semina nyingi juu ya uhifadhi wa nyaraka, na sijawahi kuhisi nilichokihisi mchana ule nikiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Nilimpigia simu mwanafunzi wangu na kumwambia aje, nami nikashindwa kumweleza sababu kwa mpangilio. Alifika akihema, akiwa na mkungu wa ndizi aliokuwa ameununua sokoni na kukosa pa kuuacha. Nilimpa memwari ya nne, kidole changu kwenye mstari. Alisoma. Nikampa ya kwanza. Alisoma tena, taratibu, midomo ikicheza, kisha akakaa chini pale alipo.

"Mama," alisema, "hawa watu wamekuwa wakiitana."

Tulisoma mpaka jua lilipoanza kuinama upande wa Kongo, tukibadilishana memwari, tukisomeana kwa sauti, tukila ndizi zake. Ya tano ilieleza jinsi mashini ilivyofika na kuchukua mahali pa kukanyaga kwa miguu. Ya saba ilikuwa na ramani ya mashamba yaliyomezwa na ziwa, imechorwa kwa mkono, nzuri. Hakuna hata mmoja wa wale tisa aliyejua kwamba anaandika sura ya kitabu kilichokwisha kuanza.

Jumatatu nilikwenda kwa direkta wa chuo. Yeye ni mtu mwema, mwalimu wa zamani wa hisabati, ambaye hukupa chai kabla ya kukunyima jambo. Nilikunywa chai. Nilimweleza yote, nikamwambia kwamba nataka kuzipeleka memwari zile Minago na kuwasomea wenyewe, na kwamba kufuli liondoke. Alinisikiliza, kisha akanitaka twende mpaka mlangoni pa chumba, akasoma kanuni yangu ya wino wa buluu kwa sauti, kama aliyepewa shairi.

"Hii ni hati ya mkono wa nani?"

"Yangu."

"Nami niliisifu. Sasa wakinakili tena?"

Nilimwambia kwamba yule kijana tulimkamata kwa sababu mtu mmoja alikuwa amesoma memwari mbili. Tangu tufunge, hakuna anayesoma mbili. Mwizi akitaka kuiba leo, sisi tumemfungia mlango akiwa ndani, na hata taa tumemzimia. Nikamwonyesha dodoso lisilo na swali la saba. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, memwari hii, ile, ile nyingine, akifika sita na kuruka nane, na nikaona masikio ya mwalimu wa hisabati yakibadilika rangi. Moja ya zile tisa ilikuwa kwenye rafu yake.

Hakukubali mara moja. Alisema jambo ambalo nalo ni la kweli, kwamba kazi nyingine ni dhaifu na zitatuaibisha mbele ya watu. Nilimjibu kwamba aibu tumekwisha kuipata, kule Minago, tena kwa kicheko. Kilichobaki ni kuirudisha chupa. Akazunguka kidogo. Kisha akasema kwamba kanuni ya kuazima bado inasimama: hakitoki kitu bila kuandikwa kwenye rejista, na rejista ni ya wasomaji wa chuo.

"Msomaji wa chuo ni nani?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye mtunza maktaba."

"Basi ni mtu ambaye maneno yake yako ndani."

Direkta aliugeukia mlango. Akaibandua kanuni kwa ukucha, taratibu, ili isiondoke na rangi ya mlango, akaikunja na kunipa. "Iweke," alisema. "Siku moja mtu atataka kujua tulikuwa tunafikiri nini." Nami, kwa kuwa ni mtunza nyaraka hata nikitubu, nimeiweka. Tukakubaliana palepale: kesho asubuhi memwari zitakwenda Minago, na kuanzia mwaka unaofuata hakuna atakayekwenda kuuliza watu jambo kabla ya kusoma waliyokwisha kusema, wala atakayeitetea memwari yake kabla ya kuwarudishia alichokiandika.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka kabla jua halijavuka milima. Memwari tisa zilikuwa ndani ya mfuko wa mchele, zimefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki yangu. Rejista niliibeba kifuani. Wavuvi walikuwa wakimwaga ndagala juu ya mchanga, fedha tupu, na harufu yake ilitufuata hadi tulipoanza kunusa mawese.

"Wamekuya tena," mmoja alisema tulipoingia chini ya mabati. "Leo na gunia."

Nilimwomba mkuu wa kinu aniruhusu nisome. Alinionyesha kiti, akaendelea na moto wake. Nilianza na ya kwanza, nikiyatoa maneno kutoka Kifaransa na kuyarudisha katika Kiswahili, sentensi kwa sentensi: mvua, kuni, njia ya mlimani. Nilipofika kwenye mbuzi mtu akacheka, na mkuu wa kinu akageuka. Nilipofika kwa yule mzee mwanzilishi, mikono ya waliokuwa wakichambua ilipungua mwendo, kisha ikasimama. Alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa mama mkwe wa mkuu wa kinu, na ndiye aliyemfundisha kazi. Nilisoma yale ya usiku wa tatu.

"Hakusema hivyo," mkuu wa kinu alinikatiza.

Nilinyanyua kichwa, nikiogopa.

"Ni yeye, lakini hakusema hivyo. Alikuwa anasema: usiku wa kwanza mukungu unalala, wa pili unaota, wa tatu unaamka, wa ine unaiba." Aliyasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, na wawili watatu wakamalizia naye maneno ya mwisho. Nilichukua penseli na kuyaandika pembeni mwa ukurasa, mimi ambaye maisha yangu yote nimewakaripia watu kwa kuandika vitabuni.

Kisha nilisoma habari za chupa. Hakuna aliyetaja ndagala. Nilipomaliza, yule aliyeiulizia alitaka nirudie sehemu ya asidi, nikarudia. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, haraka, wakitusahau. Usiku wa tatu waliujua. Waliukuta kwa wazee. Waliuacha mashini ilipokuja, kwa sababu mashini huzungushwa kwa zamu, na kila mmoja hungoja mpaka mikungu yake itoshe kujaza pipa zima ili asiipoteze zamu yake. Mikungu ya kwanza kukatwa huwa imekwisha kulala juma zima. Mvua ikinyesha njia huteleza na kungoja huzidi. Nilimtazama mwanafunzi wangu. Alikuwa amelikunja dodoso lake mara nne na kuliweka chini ya mguu wa kiti chake kilichokuwa kikiyumba, na katika daftari tupu alikuwa akiandika jambo ambalo halikuwamo katika memwari yoyote kati ya zile tisa.

Nilifungua rejista. Ukurasa wa waazimaji ulikuwa mweupe tangu siku ya kufuli. Niliandika namba za memwari, zote tisa, nikamgeuzia mkuu wa kinu. Alifuta mikono kwenye kitenge, lakini wekundu haukutoka, na alipotia sahihi yake aliacha alama ya kidole gumba pembeni, safi kabisa, rangi ya mawese. Aliuliza anatakiwa kuzirudisha lini. Nilimwambia akimaliza kuzisahihisha.

Akavuta gogo moja la kuni, akalikalia mbele ya mwanafunzi wangu kama kiti, goti kwa goti.

"Haya, dada, uliza," alisema. "Lakini ya mwaka jana usiniulize."

"Zamu zenu," mwanafunzi wangu alisema, "munazipanga vipi?"

Mkuu wa kinu aliwaangalia wenzake, akashusha pumzi, na akaanza mwanzoni.